Maswali na Majibu: Siku Moja ya Kuwaandaa Walimu Wapya wa Chuo Kikuu

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mratibu wa masomo ya uzamili katika idara ya chuo kikuu. Kila mwaka wanafunzi wetu wa uzamili na uzamivu hukabidhiwa semina za wanafunzi wa shahada ya kwanza, ilhali wengi hawajawahi kufundisha. Tunayo siku moja tu ya kuwaandaa, nayo huishia kwenye mihadhara kuhusu kanuni za chuo na nadharia za ujifunzaji. Wakishaingia darasani, huzungumza peke yao saa nzima. Siku hiyo tuitumieje?

JIBU: Ndugu mratibu, kuzungumza saa nzima wamejifunza kwenu siku hiyohiyo, kwa kuwa wameketi tangu asubuhi wakisikiliza. Kanuni ziandikeni katika kurasa mbili wazisome kabla ya kuja, na siku yenyewe waacheni wafundishe.

Ipo mbinu iliyobuniwa katika Chuo Kikuu cha Stanford, nchini Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1960, kwa ajili ya walimu wanafunzi. Mtu hufundisha somo fupi mbele ya wenzake wachache huku akirekodiwa, hujitazama, huelezwa jambo moja au mawili ya kurekebisha, kisha hulifundisha somo lilelile tena. Marudio hayo ndiyo ambayo waandaaji wengi huyaacha kwa kisingizio cha muda, wakati ndiyo yenye faida kubwa, kwa sababu ushauri ambao haukujaribiwa papo hapo husahaulika kabla muhula haujaanza. Wagawe katika vikundi vya watu watano. Kila mmoja akipewa dakika 8 za kufundisha, 7 za ushauri na 8 za kurudia, zoezi zima halifiki saa mbili.

Katika somo hilo, mwalimu mpya asizungumze zaidi ya nusu ya muda. Mwanafunzi wa uzamivu anaifahamu mada yake kwa kina hata amesahau ilivyomtatiza zamani, kwa hiyo huruka hatua tatu akidhani ni moja. Aanze kwa kupanga wanafunzi watafanya nini na yeye atajuaje kwamba wameelewa, ndipo aandae maelezo. "Mmeelewa?" silihesabu kuwa swali, maana hujibiwa kwa "ndiyo" ya pamoja au kwa kimya.

Mfundisheni pia kungoja. Mary Budd Rowe, mtafiti wa Marekani aliyechunguza ufundishaji wa sayansi, aligundua kwamba walimu walingoja takriban sekunde moja tu baada ya kuuliza. Walipofikisha sekunde tatu au zaidi, majibu yalirefuka na waliojitolea kujibu waliongezeka. Alianza na shule za msingi, lakini sijaona mtu anayeanza kufikiri haraka zaidi kwa sababu tu amesajiliwa chuo kikuu.

Alasiri iwe ya kusahihisha. Chukueni kazi tatu za zamani zilizofutwa majina, kila mtu azisahihishe peke yake kwa mwongozo mmoja, kisha alama zote ziandikwe ubaoni. Wakianza kubishana kwa nini kazi moja imepata 48 kwa huyu na 65 kwa yule, msiwakatize. Kabla hawajaondoka, waelezwe mwanafunzi anayelalamikia alama aelekezwe kwa nani.

Katika wiki ya tatu au ya nne, kila mmoja atembelewe darasani na mtu mwenye uzoefu, ila asiwe msimamizi wa tasnifu yake. Mbele ya msimamizi, mwalimu mpya hufundisha kwa ajili ya mgeni, na wanafunzi husahaulika.

SWALI: Nitaanza kufundisha muhula ujao. Nikiulizwa jambo nisilolijua, nifanyeje?

JIBU: Sema hujui, liandike swali mbele yao, na ulete jibu katika kipindi kinachofuata, ukichelewa zaidi ya hapo, wataona ulikuwa unakwepa. Usijaribu kubuni jibu, kwani darasani hakukosi mmoja atakayekwenda kulithibitisha. Ukigundua kwamba ulichosema wiki iliyopita kilikuwa na kosa, kisahihishe mwanzoni mwa kipindi, kabla hawajakiingiza katika kazi watakazokukabidhi uzisahihishe.