Agizo la Ukaguzi wa Rafadha ya Mkia Lisomwe Lote

Katika miaka niliyofanya ufundi wa helikopta nimeona kwamba agizo la lazima la ukaguzi, linalotolewa na mamlaka ya usalama wa anga, husomwa kwa haraka kuliko karatasi nyingine yoyote karakanani, hasa linapohusu kifaa tulichokwisha kukikagua mara nyingi bila kukuta kasoro.

Rafadha ya mkia ndiyo inayozuia mwili wa helikopta usizunguke kinyume na rafadha kuu, na rubani huelekeza pua ya chombo kwa pedeli zinazobadilisha pembe ya mapanga yake. Mapanga huzunguka kwa kasi, ilhali fimbo inayoyaongoza, katika helikopta nyingi, haizunguki. Baina yao ipo beringi, kifaa kinachoruhusu mapanga yazunguke huku fimbo ikitulia. Tarehe 27 Oktoba 2018, helikopta ya AW169 ilianguka Leicester, Uingereza, muda mfupi baada ya kupaa kutoka uwanja wa soka, na wote 5 waliokuwamo wakafariki. Wachunguzi walibaini kwamba beringi ya namna hiyo ilikwama, fimbo ikazungushwa pamoja na rafadha, na hatimaye pedeli zikakosa mawasiliano na mapanga. Mwezi uliofuata, EASA, mamlaka ya usalama wa anga ya Ulaya, iliagiza ukaguzi wa dharura wa sehemu hizo.

Mimi mwenyewe niliwahi kukosea. Agizo moja la rafadha ya mkia lilitaka ukaguzi urudiwe kila baada ya saa kadhaa za kuruka, nami, kwa kusoma aya ya kwanza tu, nikazihesabu kuanzia matengenezo makubwa yaliyofuata badala ya siku agizo lilipoanza kutumika. Tulipofungua kifuniko, mstari wa rangi tunaoupaka juu ya nati na shafti ili tuone kama nati imezunguka ulikuwa umekatika, na kipande chake kilicho juu ya nati kilikuwa kimesogea upana wa ukucha. Helikopta hiyo ilikuwa imeruka asubuhi ile ile.

Kwa hiyo, kabla ya kushika spana, hakikisha agizo linahusu namba za vifaa vyako, kisha usome muda wa utekelezaji na masharti ya kurudia. Usifute grisi kabla ya kuimulika kwa tochi, kwani weusi wake na vumbi la chuma linalometameta ndani yake ni ushahidi. Mafundi wachanga hupenda kusafisha kwanza ili kazi ionekane nadhifu. Na nati iliyosogea isikazwe papo hapo, hata kama abiria wanasubiri, kwa maana kuikaza kunaficha dalili na kuacha ugonjwa.

Siku ile tuliisimamisha helikopta, tukapiga picha, tukamwandikia mtengenezaji. Beringi ilipotolewa na kusafishwa, niliizungusha polepole kwa kidole, nikaihisi ikikwaruza mahali pamoja katika kila mzunguko.