Kompyuta Kuukuu ya Gemu Itoe Jasho Kabla Hujatoa Pesa

Kompyuta ya gemu ya mtumba haijulikani kwa taa zake wala kwa jina lililoandikwa usoni. Hujulikana ikishakimbizwa dakika 20 mfululizo, mchana wa jua, katika chumba cha kawaida cha Mombasa. Nalisema hili mwanzo kabisa kwa sababu vijana wengi wanaoniomba niwasindikize kununua hufika wakiwa wameshaipenda mashine pichani. Muuzaji akibonyeza kitufe, feni zikawaka rangi na Windows ikafunguka upesi, mkono unakwenda mfukoni kutafuta simu wamtumie M-Pesa. Kuwaka peke yake hakuthibitishi kitu. Hata kompyuta ya karani huwaka.

Nazungumzia zile zilizotoka kiwandani zikiwa kamili: Alienware ya Dell, HP Omen, Lenovo Legion, Acer Predator na wenzao, za miaka ya 2016 hadi 2019. Utazikuta katika maduka ya mjini, pande za Digo Road na Moi Avenue, au kwa mtu binafsi aliyetangaza mtandaoni. Mimi nazipenda na natumia moja. Ukiinunua nzima, mara nyingi unalipa pungufu ya bei ya kukusanya kifaa kimoja kimoja. Tena leseni ya Windows huwa imehifadhiwa ndani ya madabodi, ile bodi kuu inayounganisha vifaa vyote, kwa hiyo hata ukifuta kila kitu na kuanza upya, inajitambua yenyewe bila kudai namba.

Kabla haijachomekwa, igeuze uone mgongo wake. Kwetu umeme ni volti 240. Mashine iliyotoka Marekani yaweza kuwa na pawasaplai (kisanduku kinachogawa umeme ndani) yenye kiswichi chekundu, 115 upande mmoja na 230 upande wa pili. Kikiwa kwenye 115 ukaichomeka ukutani hapa, utasikia mlipuko mdogo na kunusa harufu ya kuungua. Pawasaplai nyingi za miaka ya karibuni hujirekebisha zenyewe kuanzia volti 100 hadi 240, lakini usikisie, soma kibandiko. Ukiwa papo hapo, soma na wati zake. Kadi ya grafiki ya GTX 1070 hula wati 150, prosesa ya i7-7700 wati 65, kwa hiyo pawasaplai nzuri ya wati 460 yazitosha. Ukikuta kadi kubwa imetiwa baadaye juu ya pawasaplai ndogo ya zamani, jua kuna mtu alitaka kuipandisha bei.

Pawasaplai naikagua kuliko kifaa kingine chochote, na sababu yake ni hii: Dell na HP wana mazoea ya kutumia plagi za kwao wenyewe kwenye madabodi. Ikifa, ile ya kawaida ya dukani yenye plagi ya pini 24 huenda isiingie, nawe utakaa ukisubiri ya kuagiza. Kasha nalo mara nyingi halikubali madabodi ya aina nyingine. Basi mwombe muuzaji afungue ubavu, uone kwa macho waya gani unaingia wapi.

Ubavu ukiwa wazi, washa tochi ya simu utafute chumvi. Hewa ya bahari inakula chuma polepole, na kompyuta iliyokaa miaka mitatu mbele ya dirisha linalotazama bahari Nyali au Mji wa Kale haiwi sawa na iliyokaa chumba chenye AC. Tazama vichwa vya skurubu, kingo za tundu la HDMI na za USB, na mabati membamba ya kipoza joto. Kutu kidogo kwenye skurubu yavumilika. Ukijani kwenye shaba, au ukungu mweupe kwenye miguu ya vijisehemu vya madabodi, mimi hapo naaga. Vumbi halinitishi, maana vumbi hutoka kwa brashi. Na muulize mwenyewe ilikuwa ikikaa wapi. Watu husema kweli kwa swali hilo kwa sababu hawaoni linakotokea.

Sasa iwashwe. Nenda na flashi yako yenye programu ambazo hazihitaji kusakinishwa: GPU-Z, CPU-Z, HWiNFO na CrystalDiskInfo, pamoja na FurMark, inayoibebesha kadi ya grafiki mzigo mzito. Zote ni za bure. Anza na GPU-Z, kwa kuwa kadi ya grafiki ndiyo nusu ya bei. Kuna kadi za kale zilizoandikwa upya baiosi zao, programu iliyo ndani ya kadi yenyewe, ili zijiite GTX 1050 Ti au 1060. Windows hudanganyika, lakini GPU-Z huweka neno FAKE mbele ya jina. Kuna na tofauti ambazo si uhalifu, ila zinagusa pesa. GTX 1060 ya 3GB haikupungukiwa kumbukumbu tu, ina viini 1,152 badala ya 1,280 vya ile ya 6GB. RX 580 kamili ina viini 2,304, lakini iko nyingine yenye 2,048 inayouzwa kwa jina lilelile. Muuzaji wa duka pengine mwenyewe hajui, kwa hiyo mwoneshe kwa upole.

CPU-Z inakuonesha ramu, na hapo mashine za kiwandani zina udhaifu mmoja wa kawaida: kijiti kimoja tu cha 8GB. Prosesa imejengwa kusoma vijiti viwili kwa pamoja. Ikipewa kimoja, gemu hukwamakwama hata kama wastani wa fremu, yaani picha kwa sekunde, unapendeza. Si sababu ya kuiacha. Ni sababu ya kupunguziwa bei, kwa kuwa kijiti cha pili utakinunua wewe. Kwenye CrystalDiskInfo tazama afya ya diski na saa ilizofanya kazi, uendelee.

Kazi yenyewe ndiyo hii. Fungua HWiNFO iandike joto na kasi, kisha uwashe FurMark, uketi. Omba kiti, ongea na mwenyeji, lakini usiifupishe. Dakika ya kwanza kila kadi ni shujaa. Andika kasi ya kadi dakika ya kwanza, ya kumi na ya ishirini. Kadi za GTX 10 (1060, 1070 na wenzao) zimewekwa kujipunguza zikikaribia nyuzi 83, na kwa nyingi nyuzi 94 ndiyo kikomo. Ikifika 83 ikatulia na kasi ikashuka kidogo, ni kawaida. Kasi ikiendelea kuporomoka, au feni ikanguruma huku joto halishuki, basi pesti ya kupitisha joto imekauka au feni imechoka. Vidoa vya rangi, mistari inayomeremeta, skrini kuwa nyeusi ghafla: hayo hayana matengenezo ya nyumbani, funga mkoba wako. Wengi wanaogopa kadi zilizochimba sarafu za kidijitali, nyingi zikimwagika sokoni baada ya Ethereum kuacha uchimbaji wa kadi Septemba 2022. Mimi siulizi historia hiyo. Dakika 20 zitanijibu.

Prosesa nayo ina zamu yake. Cinebench, programu ya kuipa prosesa kazi nzito, ikiendeshwa mfululizo, i7-7700 inatakiwa kushikilia takriban GHz 4.0 kwenye viini vyote. Ikishuka chini ya 3.6, ambayo ndiyo kasi yake ya msingi, inakosa hewa. Kikomo chake ni nyuzi 100, na ukiiona 95 usikubali kuambiwa ndivyo zilivyo.

Hapo pana jambo la kwetu. Matokeo mengi ya mtandaoni yamepimwa kwenye vyumba vya nyuzi ishirini na kitu. Chumba cha Majengo kisicho na AC, kaskazi ikiwa kali mwezi wa Februari au Machi, hufika 31 au 32. Joto la chumba likiongezeka kumi, la kadi huongezeka karibu hivyohivyo. Kwa hiyo mashine uliyoipima Julai, kusi ikivuma dirishani, iongezee nyuzi hizo akilini kabla ya kuisifu. Na ukipimishwa dukani chini ya AC, fanya vivyo hivyo.

Niliyonunua mimi ni ya 2017, i7-7700 na GTX 1070 ya 8GB, kwa kijana mmoja wa Tudor. Ilianza kwa kasi ya MHz 1,850 na kufikia dakika ya ishirini ilikuwa 1,600 na kitu, nyuzi 83, feni ikilia. "Ami, hilo ni joto la Mombasa tu," akaniambia. Nikamjibu, "Mwanangu, na Mombasa ndiko itakakokaa." Hatukugombana. Nilimwonesha namba kwenye skrini, nikamwonesha na kipoza joto kilivyoziba, naye akapunguza bila kinyongo. Namba zinazosomwa na watu wawili kwa pamoja hurahisisha mapatano.

Gemu ndiyo kipimo cha mwisho. GTA V ina kipimo chake ndani, na muuzaji wa mashine ya gemu mara nyingi anayo tayari. Mimi naangalia fremu za chini kabisa kuliko wastani. Kama ipo intaneti nzuri, 3DMark Time Spy hutoa namba ya kulinganisha: GTX 1060 ya 6GB hupata 4,000 na ushei upande wa grafiki, GTX 1080 hupata 7,000 na ushei. Ikikosa kwa mbali, kuna kitu kinaizuia. Asiyekubali mashine yake ipimwe hivi, muage kwa heri.

Liko na suala la umri, nalo kwa maoni yangu ndilo linalotakiwa kuamua bei mwaka huu. Windows 10 iliacha kuhudumiwa tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 rasmi inataka prosesa ya Intel ya kizazi cha 8 kwenda juu na TPM 2.0, ambayo ni chipu ya usalama, kwa hiyo i7-7700 ya kizazi cha 7 imebaki nje huku i5-8400 imo ndani. Anayecheza Valorant alitilie hilo maanani, kwa sababu kwenye Windows 11 gemu hiyo hudai TPM 2.0 na Secure Boot, ulinzi wa mashine inapowaka. Nvidia, mwenye kadi za GTX, nayo ilimaliza draiva mpya za gemu (programu za kuiendesha kadi) kwa kadi za GTX 10 Oktoba 2025. Zimebakiwa na marekebisho ya usalama hadi 2028. Hazijafa, gemu za zamani zinakwenda vizuri sana. Lakini mtu akiniambia ana uwezo wa kuongeza kidogo, namshauri atafute ya 2019 yenye i5 au i7 ya kizazi cha 8 au 9 na GTX 1660 au RTX 2060. Kwa mtoto wa shule anayetaka gemu chache na kazi za darasani, GTX 1060 ya 6GB bado nampa.

Yangu ilipofika nyumbani niliisafisha, nikabadilisha pesti ya kadi na ya prosesa, nikaongeza kijiti cha ramu. Nikarudia kipimo kilekile, chumba kilekile: nyuzi 76, MHz 1,800 mpaka mwisho, na kukwama kukaisha. Kilichobaki ni stima. Ikikatika katikati ya kazi na kurudi kwa kishindo, pawasaplai kuukuu ndiyo huumia kwanza. UPS, betri ya kushikilia stima ikikatika, ikiwa ndogo iliyoandikwa VA 650 aghalabu haibebi hata wati 400, kwa hiyo usinunue kwa kutazama VA. Jumlisha wati za kadi na za prosesa, ongeza 60 hivi za vifaa vingine, kisha mwambie muuzaji akuoneshe wati, na uzinunue za kukutosha kuhifadhi kazi na kuzima kwa utaratibu, si za kumalizia mechi.