Kinu kikifungwa, kimezimwa au kimewekwa?

Dada mmoja anayefanya ukalimani huko Ujerumani kaniandikia, shikamoo yake nimeipokea, marahaba. Amepewa karatasi ya kutafsiri kwa ajili ya wageni kutoka huku kwetu, inaeleza jinsi nchi za Ulaya zinavyotaka kanuni zao za usalama wa taka za nyuklia na za kufunga vinu vya zamani, yaani mitambo ya umeme wa nyuklia, ziende pamoja. Anauliza: "Mwalimu, tuseme kuoanisha kanuni, kuwianisha, kulandanisha au kusawazisha? Maana mwenzangu anasema andika kuharmonaizi tu, watu wataelewa."

Andika kuoanisha. Ni oa, oana, oanisha, na waliooana hawageuki kuwa mtu mmoja, kila mtu anabaki na ukoo wake na tabia zake ila kuna mambo ya nyumba wamekubaliana. Kusawazisha ni kazi ya greda, kilichozidi kinakwanguliwa. Kuwianisha kuna hesabu ndani yake, hiki kwa kile, na kulandanisha sina ugomvi nalo sana ila kulandana ni kufanana sura tu. Na wanachofanya Ulaya ni kuoanisha hasa. Kuna chombo chao kinaitwa WENRA, ni umoja wa wakuu wa taasisi zinazosimamia usalama wa nyuklia Ulaya Magharibi, ulianza 1999, una kikosi chake cha taka na vinu vilivyomaliza kazi, na kikosi hicho kimeandika viwango vya kurejea. Kila nchi inabaki na sheria yake lakini inaahidi haitashuka chini ya pale. Kuharmonaizi mwambie mwenzako alitumie kwenye chai.

Haya, nimejibu. Sasa dada nirudi kwako, maana wewe mwenyewe umeandika "kufunga vinu vya zamani" tena bila hata kupepesa jicho, na hapo ndo umenitonesha kidonda cha miaka.

Mwaka fulani gari yangu ilikufa injini nikaipeleka kwa fundi, ilikuwa mwezi wa Ramadhani. Siku ya tatu nikapokea meseji: "Bosi leo nafunga." Mi nikaona kijana wa watu ana imani, nikamjibu swaumu makbul fundi wangu. Kimya. Jioni akanipigia anauliza ile oili umetuma na nani maana nakuambia toka asubuhi nafunga. Kumbe anafunga injini! Yaani anairudishia, alishaifungua yote ikatandazwa kwenye turubai, sasa anaifunga. Na siku hiyo hiyo angeweza kuwa amefunga kula, na akafunga gereji saa kumi, na timu yake ikafunga mawili usiku, neno ni hilo hilo moja na hakuna anayelalamika kwa sababu kila kufunga kuna mahali pake pa kueleweka.

Shida inaanza ukilipeleka mahali ambapo halina pa kushika. Kwa fundi, kufunga feni ni kuiweka darini izunguke. Kufunga sola, kufunga mita, kufunga AC, kote huko kufunga ni kuanza maisha ya hicho kitu. Na kufungua ni kukitawanya, boliti huku gasketi kule. Kwa mwandishi wa habari ni kinyume kabisa, mheshimiwa akifungua kiwanda kiwanda ndo kimezaliwa, akikifunga kimekufa. Sasa niambie, ukiandika "kufunga kinu cha nyuklia" unazungumza na nani? Fikiria tangazo linabandikwa Uyombo kule Kilifi, ambako watu waliandamana kukataa kinu kujengwa kwao, limeandikwa KINU KITAFUNGWA HAPA. Nusu watapiga vigelegele na nusu watachukua mawe, na wote wamesoma Kiswahili sahihi!

(Kinu chenyewe tumekiazima jikoni, kwenye kutwanga, na kimekaa vizuri. Hapo sina neno.)

Lakini tuseme msomaji ameelewa kwamba hapa kufunga ni kuzima. Bado umemdanganya, maana kuzima ni siku moja tu. Tarehe 15 Aprili 2023 Ujerumani ilizima vinu vyake 3 vya mwisho, Isar 2, Emsland na Neckarwestheim 2, watu wakashangilia wengine wakanuna, na magazeti yakaandika vimefungwa kama duka linavyofungwa ukaenda zako nyumbani. Hamna cha kwenda nyumbani. Fito za urani, yaani mafuta ya kinu, zinatolewa zinakaa kwenye bwawa la maji miaka kadhaa zipoe, halafu mabomba yanaoshwa, yanakatwa, kila kipande kinapimwa mionzi, zege linakwanguliwa ukutani, na mwisho kabisa anakuja mkaguzi anasema sawa, hiki kiwanja sasa ni kiwanja kama vingine. Ignalina kule Lithuania kinu cha pili kilizimwa mwisho wa 2009, ilikuwa sharti la kuingia Umoja wa Ulaya, na kazi ya kuvipangua vyote viwili ilipangiwa mpaka 2038. Hiyo ndo unaiita kufunga?

Na hapa ndo utaona kwanini wanahangaika kuoanisha. Ujerumani toka 2017 sheria inasema ukizima anza kupangua bila kukawia. Waholanzi kinu chao cha Dodewaard walikizima 1997, kufika 2005 wakakifungia kama kilivyo kisubiri miaka 40, ili mionzi ishuke yenyewe ndo waje wakivunje. (Hapo ukisema wamekifungia nakubali, kufungia ni komeo na mlinzi getini, hakuna fundi atakayechanganya.) Marekani wanampa mwenye kinu mpaka miaka 60 awe amemaliza. Shirika la kimataifa la atomiki lililoko Vienna, IAEA, njia hizo mbili linazikubali, kupangua mara moja na kupangua baadaye, ila kukimwagia kinu zege kikageuka kaburi halihesabu kama mpango, labda pametokea ajali kubwa.

Chukua bomba moja la chuma, limetoka kwenye kinu, limeoshwa, limepimwa, halina mionzi ya kuhesabika. Ujerumani likipita kwenye kipimo linaachiwa huru, linayeyushwa, kesho ni nondo. Bomba hilo hilo Ufaransa kwa miaka mingi lilikuwa taka kwa sababu tu ya mahali lilikotoka, upime usipime, linapelekwa Morvilliers kwenye jalala lao la taka zenye mionzi kidogo sana, mpaka 2022 ndo wakalegeza kidogo kwa upande wa vyuma. Bomba moja, mto mmoja wa Rhine katikati, huku nondo kule taka. Sasa hao kabla hawajaoanisha kanuni lazima waoanishe kwanza maana ya neno taka, na ndo kazi wanayoifanya kwa kweli, wanakaa siku nzima wanabishania maneno, kazi yangu kabisa ila wao wanalipwa.

Kwa hiyo dada, siku ya kwanza ni kuzima. Kazi inayofuata ni kupangua, kile kilichopangwa kinapanguliwa, kama funga na fungua ila hili halina mtego, fundi na mwandishi wanalisikia sawasawa. Kuvunja na kubomoa weka kwa majengo. Na shughuli yote kwa jumla, kuanzia karatasi ya kwanza mpaka mkaguzi anaaga, mi naiita kustaafisha kinu. Cheka ukitaka, lakini angalia, kuna umri, kuna barua, kuna miaka ya kungoja, na kuna hela inawekwa pembeni kinu kikiwa bado kazini ili siku ya siku gharama zisikose pa kutoka. Kama hayo sio mafao sijui ni nini.

Nimeona pia umeandika "utupaji salama wa taka". Hili nalisema kwa upole maana nimeshachoka. Kutupa ni ganda la ndizi dirishani. Finland kule Onkalo wamechimba mwamba zaidi ya mita 400 kwenda chini ili fito zilizotumika zikae humo moja kwa moja, unaitaje hiyo kutupa? Wataalamu wa taka hizo wanatenganisha kuweka kwa nia ya kuja kuchukua na kuweka kwa nia ya kutochukua tena, na sisi maneno tunayo tayari, mwili unahifadhiwa mochwari halafu unazikwa. Taka nazo zinahifadhiwa, halafu zinazikwa.

Andika basi: "kuoanisha kanuni za usalama wa kuhifadhi na kuzika taka za nyuklia na kustaafisha vinu." Ni ndefu, najua. Mkubwa wako akisema ifupishwe ondoa chochote unachotaka, ila usirudishe kufunga.