Magari yanakutana katikati ya kona: washika bendera wafanyeje?

SWALI: Injinia, hujambo. Nimepata kibarua cha kushika bendera kwenye barabara inayokarabatiwa huku Kasarani. Upande mmoja umechimbwa, kwa hivyo magari yanapokezana laini moja ya kama mita 150, yenye kona katikati. Mimi na mwenzangu hatuonani. Tulikubaliana kila upande upite dakika tatu kwa saa ya simu, lakini magari bado yanakutana uso kwa uso na matusi tunakula sisi. Foremani naye anataka nisimame katikati ya barabara ndipo madereva wanione. Na je, kibao cha onyo kiwekwe umbali gani?

JIBU: Dada, hiyo saa ndiyo inayowagombanisha na madereva. Gari la mwendo wa kilomita 20 kwa saa linamaliza mita 150 kwa nusu dakika hivi. Mkokoteni wa maji unaosukumwa kwa miguu unachukua dakika mbili. Ukifunga upande wako na mwenzako akafungua wake papo hapo, aliyeingia mwisho bado yuko njiani, na mara nyingi ni huyo wa mkokoteni. Mwenzako anahitaji kujua jambo moja tu: chombo cha mwisho kimetoka?

Mkipewa redio za mkononi, kazi ni rahisi. Unamtajia chombo cha mwisho kwa rangi na tarakimu za mwisho za namba, naye hafungui mpaka akione kwa macho yake. Simu haifai sana. Inakushika mkono mmoja na kukuinamisha kichwa wakati matatu inakuja.

Bila redio, tumieni kijiti. Tafuteni kipande cha mti, kipakeni rangi nyekundu, mpe dereva wa gari la mwisho amkabidhi mwenzako. Mwenye kijiti ndiye mwenye zamu, asiye nacho amefunga. Reli za njia moja ziliendeshwa hivyo tangu enzi za treni za moshi. Ikiwa gari la mwisho ni matatu, mpe makanga. Yeye ananing'inia mlangoni tayari, na kupokea na kutoa vitu gari likitembea ni kazi yake ya kila siku. Cha akiba kiwe na foremani, kimefungiwa, kwa sababu vijiti viwili vikiingia barabarani kwa pamoja mbinu nzima imekufa. Udhaifu wake ni asubuhi, magari yote yanapoelekea mjini na hakuna wa kurudisha kijiti. Hapo mtume kibarua akimbie nacho, au umwombe mtu wa boda.

Bodaboda ndio watakaokuvurugia mpango. Ukiwazuia nyuma ya foleni watapenya tu, kwa hivyo waache wajipange mbele kabisa na uwatoe kwanza. Mikokoteni na baiskeli ziingie mwisho, na kijiti kiende nao. Kikishaondoka, hapiti mtu, hata awe na abiria mgonjwa kiasi gani kwa maneno yake. Ambulensi yenyewe inasubiri mpaka njia iwe tupu, halafu inapita kwanza.

Kuhusu kusimama katikati: hapana. Simama pembeni, upande wa kushoto wa magari unayoyasimamisha, nje ya laini yao, ukiwatazama. Usijikinge jua chini ya mti wala kando ya rola, maana kwenye kivuli koti lako la riflekta halionekani, na kila wakati uwe na pa kurukia. Gari la kwanza likishasimama kabisa, unaweza kusogea kidogo ili walio nyuma wakuone. Foremani akishikilia lake, mkumbushe kwa upole Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007, kifungu cha 14: ukishamripotia hatari kubwa iliyo karibu, hawezi kukulazimisha urudi hapo kabla haijarekebishwa.

Kibao nacho kinategemea foleni yako. Dereva wa kilomita 50 kwa saa hutumia kama mita 50 kusimama kwenye lami yenye maji, ukihesabu na muda wa kushtuka. Akiwa na 80, ni zaidi ya mita 100, na lori lililojaa mchanga huenda mbali zaidi. Wengi husikia hesabu hiyo wakaweka kibao mita 100 kabla ya bendera na kuondoka. Lakini magari 30 yaliyosimama yanajaza kama mita 200, na anayekuja nyuma hakukuti wewe, anakuta mkia wa foleni, tena pengine baada ya kilima. Kibao kiwe mita 100 au zaidi kabla dereva hajafika kwenye mkia huo. Jioni foleni ikirefuka, mtu akisogeze, na foleni ikipungua akirudishe.

Koni zinazofunga laini iliyochimbwa zipangwe kwa mshazari mfupi, mita 15 hadi 30 tu. Mshazari mrefu humfanya dereva adhani anaunganishwa kwenye laini ya pembeni, naye anaingia kwa kasi badala ya kusimama. Wapitao kwa miguu watengewe njia yao nyuma ya koni, la sivyo watatembea mbele ya matatu.

Giza likiingia, bendera haionekani tena. Kama mkandarasi anataka mwendelee usiku, alete taa za kumulika pale uliposimama na kibao cha kusimamisha magari kinachong'aa. Asipoleta, laini ifunguliwe pande zote kabla ya saa kumi na mbili na nusu.