Gari ikijazwa esanse inagoma kuwaka

Ndugu, unataka kubadilisha kifuniko cha tanki kwa sababu gari inagoma kuwaka ukitoka kujaza esanse; kifuniko kipya hakitakusaidia. Kifuniko kibovu huleta P0455 au P0457 (kodi za kompyuta ya gari: mvuke wa esanse unavuja), na hakizuii gari kuwaka. Wewe una P0441 (mvuke hauendi kwenye motere inavyotakiwa), na motere inasumbua pale tu unapotoka kujaza tanki. Kwanza shuku vali ya kunyonya mvuke: imekwama wazi, inamwaga mvuke wa esanse kwenye motere.

Itafute karibu na manifodi ya hewa: kidude cheusi cha plastiki, mipira miwili, plagi ya nyaya mbili. Washa motere ikiwa baridi, chomoa mpira unaotoka kwenye kanista ya makaa (kopo linalotunza mvuke wa tanki), ziba tundu la vali kwa kidole. Kidole kikinyonywa, chomoa na plagi. Bado kinanyonywa? Vali imekufa. Mvuto ukikatika, vali ni nzima, fuatilia waya na kompyuta.

Ukienda Birere, hapa Goma, kuchukua vali ya okazioni, ipulize kwa mdomo kabla ya kulipa. Bila umeme haipitishi hewa hata kidogo.

Gonga ule mpira wa kanista juu ya karatasi nyeupe. Zikidondoka chembe nyeusi, makaa ya kanista yanavunjika na vali mpya nayo itakwama. Mara nyingi kanista huharibiwa na kujaza mpaka shingoni; pampu angalau hukata yenyewe, bidoni haikati.

Kwa sasa ikigoma, kanyaga aksileta nusu huku unastati.