Maswali ya Wasomaji: Banda la Mawe Lisilo na Mlango

SWALI: Mimi ni mzaliwa wa Kisumu, na kwa sasa ninaishi na familia moja katika kijiji kimoja cha eneo la Bourgogne, Ufaransa, nikiwalea watoto wao huku nikijifunza lugha. Nilipokuja nilitarajia kuona makasri, lakini lililo karibu halifikiki bila gari. Kilichopo hapa ni banda la mawe lisilo na mlango, lililo kando ya kijito, ambalo ndani yake mna hodhi refu la maji lenye kingo zilizoinama. Watoto wanasema ni mahali pa kuyaacha majani yaelee juu ya maji. Lilikuwa la kazi gani hasa, na nitajifunzaje habari za majengo ya namna hii ambayo vitabu vya watalii havishughuliki nayo?
Binti wa Kisumu

JIBU: Binti yetu, umebahatika kuliko unavyodhani. Hilo ni banda la kufulia, nalo Wafaransa huliita lavoir. Zile kingo zilizoinama kuelekea majini ndizo zilizokuwa meza ya kazi: mwanamke alipiga magoti mbele yake ndani ya kisanduku cha mbao kilichotiwa majani makavu ili magoti yasiumie, akatandaza nguo juu ya jiwe, kisha akaipiga kwa kibao ili maji machafu yatoke. Pitisha kiganja chako juu ya ukingo huo, na huenda ukahisi mahali palipolika kwa kusuguliwa.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba kazi kubwa ya kufua haikufanyika hapo. Mara chache kwa mwaka, mashuka na nguo za kitani zilipangwa nyumbani ndani ya pipa kubwa, juu yake yakawekwa majivu ya kuni, halafu maji ya moto yakamiminwa tena na tena yakichuja ukali wa majivu hayo. Bibi zetu waliosugua sufuria kwa majivu hawangehitaji kuelezwa kwa nini njia hiyo ilifaa. Baada ya hapo nguo zililetwa bandani kusuuzwa, na ndiyo maana maji yalipaswa kuwa safi na yenye kutiririka. Penye mahodhi mawili, lile lililo karibu na chemchemi lilikuwa la kusuuzia, na la chini yake likawa la sabuni; aliyevunja utaratibu huo alisikia maneno.

Tarehe ikiwa imechongwa juu ya nguzo au boriti, yaelekea itakuwa ya karne ya 19. Kipindupindu kiliiumiza Ufaransa vibaya mwaka 1832 na tena mwaka 1849, na tarehe 3 Februari 1851 bunge lilipitisha sheria iliyotenga faranga 600,000 kusaidia ujenzi wa mabafu na mabanda ya kufulia ya umma. Hata hivyo vijiji vingi vilijenga kwa fedha zao wenyewe, vingine kabla ya sheria hiyo, na ndiyo sababu banda moja lina nguzo za kifahari kama hekalu huku la kijiji cha jirani likiwa paa tu juu ya magogo manne. Ukiona fahari ya namna hiyo, uliza kijiji kilipata wapi fedha. Mara nyingi jibu ni msitu wa kijiji uliouzwa mbao zake. Mabomba ya maji majumbani, na baadaye mashine za kufulia, ndivyo vilivyoyafanya mabanda hayo yanyamaze.

Ukishazoea kuuliza kazi ya jengo na nani aliyelilipia, majengo mengine madogo yataanza kusema nawe. Tanuri la kuokea mikate la kijiji, kwa mfano, lina historia chungu, kwa kuwa kabla ya Mapinduzi ya 1789 mahali pengi wakulima walilazimishwa kuoka katika tanuri la kabaila na kumlipa kwa kufanya hivyo. Mnara wa njiwa nao unapendeza macho, lakini katika majimbo kadhaa kuwa na mnara mzima wa njiwa kulikuwa haki ya makabaila, na njiwa hao walikula mbegu za mkulima ambaye hakuruhusiwa kuwagusa. Haki hiyo ilifutwa katika usiku maarufu wa tarehe 4 Agosti 1789. Minara midogo iliyojengwa baada ya hapo kwenye nyumba za wakulima wa kawaida mimi huiona kama majibu yao.

Kuhusu namna ya kujifunza, nenda kwanza kwenye ofisi ya meya, kwa maana hata kijiji cha watu mia mbili huko kina meya wake. Anza na salamu kabla ya swali, kama ungefanya nyumbani. Waulize pia wanawake wazee, kwani baadhi yao waliwasindikiza mama zao bandani. Hifadhi ya nyaraka ya mkoa hutunza kumbukumbu za mabaraza ya vijiji pamoja na ramani za mashamba zilizoanza kuchorwa enzi za Napoleon, na nyingi ya ramani hizo zinapatikana kwenye intaneti bila malipo. Mwisho wa juma la tatu la Septemba, katika siku za turathi zilizoanzishwa mwaka 1984, milango mingi iliyofungwa hufunguliwa.

SWALI: Huku Nakuru tunaona nyumba za zamani zikibomolewa bila mtu kuuliza. Wafaransa wanawezaje kuyalinda hata mabanda ya kufulia?
Mwalimu mstaafu, Nakuru

JIBU: Mwalimu, shikamoo. Hawayalindi yote. Sheria yao kuu ya majengo ya kihistoria ni ya tarehe 31 Desemba 1913, lakini majengo mengi madogo hayamo katika orodha yake, na mapaa mengi yameporomoka. Pengo hilo ndilo lililosababisha kuundwa kwa shirika la Fondation du patrimoine kwa sheria ya mwaka 1996, ambalo huchangisha fedha za ukarabati wa majengo yasiyo katika orodha. Tangu mwaka 2018 hupata pia sehemu ya mapato ya bahati nasibu maalumu. Yapo pia mabanda yaliyookolewa vibaya, yakajazwa vyungu vya maua hadi mgeni asijue kwamba watu walitoa jasho hapo.

Sisi tuna Sheria ya Makumbusho na Turathi za Kitaifa ya mwaka 2006, ambayo inaruhusu jengo kutangazwa na kulindwa. Tuna pia Thimlich Ohinga kule Migori, kuta za mawe zilizopangwa bila saruji wala udongo, zilizoingizwa na UNESCO katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2018. Mwaka huohuo, katika orodha nyingine ya UNESCO, uliingizwa ufundi wa kujenga kwa mawe makavu wa Ufaransa na nchi nyingine 7, ufundi unaoonekana katika vibanda vya mawe vya Gordes, kusini mwa nchi hiyo. Ningekushauri usisubiri orodha. Wapeleke wanafunzi wako wa zamani kwenye duka kuukuu la mabati lenye baraza, walipime, walipige picha, na waandike nani aliyelijenga na liliuza nini, wakati wanaokumbuka wangali hai.

SWALI: Kwaya yetu itatembelea vijiji vya Ufaransa mwezi wa Julai. Je, maji ya chemchemi za mawe yananyweka?
Msomaji, Bungoma

JIBU: Soma kibao kwanza. Maneno «eau potable» yana maana ya maji ya kunywa. Yakiongezwa neno «non» katikati, jazeni chupa zenu mahali pengine. Pasipo na kibao chochote, msinywe.