Rangi za waya: wadogo zangu, chungeni bluu na nyeusi

Kwa mnaoanza ufundi umeme hapa Dar, nyekundu na kahawia hazitawasumbua, zote ni laivu, yaani waya wenye moto wa umeme. Ile moja yenye njano na kijani pamoja ni ethi, waya wa usalama unaokwenda ardhini; usiitumie kwa kazi nyingine hata kama roli nyingine imeisha na duka limefungwa.

Kazi ipo kwenye bluu na nyeusi. Sisi tulirithi rangi za Uingereza: laivu nyekundu, nyutro (waya wa kurudishia umeme) nyeusi. Mwaka 2004 Waingereza walibadili rangi za waya za majumbani ili zilingane na za Ulaya, laivu ikawa kahawia na nyutro bluu. Umeme wa njia tatu nao ulikuwa na fezi (yaani laivu zake tatu) nyekundu, njano na bluu, nyutro nyeusi. Sasa fezi ni kahawia, nyeusi na kijivu, nyutro bluu. Rudia kusoma hapo. Bluu ilikuwa fezi, leo ni nyutro. Nyeusi ilikuwa nyutro, leo ni fezi.

Na mjini kwetu rangi za zamani na mpya bado zinaishi pamoja. Nyumba ya zamani ya Ilala au Magomeni ikiongezwa vyumba vya uani, mbele unakuta nyekundu na nyeusi, nyuma kahawia na bluu, na zote zinakutana kwenye boksi moja.

Hata kwenye nyumba ya rangi za zamani tupu, fungua swichi ya taa. Ukikuta nyekundu na nyeusi, usidhani ile nyeusi ni nyutro. Mara nyingi ni laivu inayorudi kwenye taa, na swichi ikiwashwa ina moto kamili. Ilitakiwa izungushiwe tepu nyekundu mwishoni, ila mafundi wengi hawajali, na hilo linaniuma, kwa sababu tepu ni bei ndogo mno.

Kwa hiyo pima. Mita ikionyesha karibu volti 230 kati ya laivu na nyutro, inapaswa ionyeshe hivyohivyo kati ya laivu na ethi, na karibu sifuri kati ya nyutro na ethi. Testa ya bisibisi haitakuambia hayo yote. Ukishajua ipi ni ipi, zima meni swichi, pima tena kuhakikisha hakuna moto, ndipo ushike waya.

Ukimaliza, andika kwa maka peni ndani ya mfuniko wa boksi: rangi zipi za zamani, zipi mpya, na zimeungana wapi.